Gari Chafu Isiingie

Ninyi wanafunzi wangu munaobaki pale garaji mumeniomba niandike kazi yangu kabla sijaisahau. Kusahau bado. Ila kuna mambo mengi ambayo sikuyaelewa siku yalipotokea, mengine hata leo sijayaelewa, na naona hayo ndiyo yanafaa kuandikwa. Yale niliyoyaelewa munayo tayari. Niliyapiga kelele masikioni mwenu miaka yote. Nilisoma mpaka mwaka wa ine wa shule ya primere. Ukikuta herufi imekaa vibaya, iache ikae.

Niliingia kazi kwa mulango wa nyuma. Muzee Murhula, aliyenifundisha, alikuwa na garaji chini kidogo ya mutaa wa Kadutu, fasi yenye mteremko mukali hata gari isiyo na motere ingeweza kuondoka yenyewe. Alitafuta mutu wa kuosha vyuma. Akaniambia kufungua motere ni kazi ya wanaume, kuosha ni kazi yako. Basi nikakaa juu ya kiti kifupi, beseni la mazutu, yaani dizeli, mbele yangu, brosi mukononi, nikaosha pistoni na supapi za gari za watu ambao sikuona hata uso wao. Mikono ilinuka mazutu mpaka Dominika kanisani. Kwenye benchi langu watu walikaa mbali kidogo, nami nikapata nafasi ya kunyoosha miguu.

Wacheni kucheka, kuosha ni shule. Mutu anayeosha chuma anakijua kuliko yule anayekifunga. Kilichokufa kwa kukosa mafuta kina rangi yake, kilichokufa kwa joto kina yake. Siku moja nilimwambia Muzee, "Hii supapi imeungua upande moja tu." Akaichukua, akaigeuza, akaniangalia.

"Nani alikuambia?"

"Yenyewe."

Kesho yake akanipa funguo ya kufungulia motere, namba treize. Alikuwa mutu wa maneno machache, na mengi ya yale machache yalikuwa matusi ya Mashi.

Muzee alisikiliza motere kwa turnavisi, ile bisibisi ndefu: ncha juu ya chuma, mupini kwenye mufupa nyuma ya sikio. Alisema motere ina sauti tatu, ya kichwa, ya tumbo na ya miguu. Kwa muda murefu mimi nilisikia moja tu, nayo ilikuwa kelele. Nilifunga macho kama yeye, nikatikisa kichwa kama yeye, na ndani yangu hakuna nilichosikia. Kwa hiyo ninyi munaotikisa kichwa mbele ya mashine ya kusoma makosa ya gari bila kuelewa kinachoandikwa, niliwaona siku zote. Nilikuwa ninawajua juu mimi mwenyewe nilipita pale.

Halafu gari za Kijapani za usukani wa kuume zikaanza kufika kwa wingi, na ndani ya tablo, mbele ya shofere, kukawa na taa ndogo ya rangi ya chungwa, yenye picha ya motere. Picha yenyewe haikumusaidia mutu. Shofere moja alisema ni kuku. Mwingine alisema ni helikopta, akaniuliza kama gari yake iliundwa na watu wa jeshi. Muzee Murhula, ambaye wakati ule alikuwa amechoka sana, alikuwa na dawa moja kwa taa zote za namna ile: alifungua tablo, akatoa ampule ya ile taa, akamwambia mwenye gari, "Imepona." Na mwenye gari aliondoka na furaha. Nilidhani ni ujinga. Baadaye nilikutana na watu wenye diploma wanaofanya vile vile, ila wao wanatumia mashine: wanafuta kode, yaani namba ya kosa, bila kuisoma, taa inazimika, gari inakufa siku ya tatu.

Muzee alipofariki nilifungua fasi yangu mwenyewe. Mashine ya kwanza ya kusoma kode ilinifikia imevuka mupaka ndani ya mufuko wa mutu, bila kitabu. Ilikuwa inajua Kiingereza tu. Nikamwita mwalimu wa Kiingereza aliyekaa jirani. Yeye alijua Kiingereza, hakujua motere. Mimi nilijua motere, sikujua Kiingereza. Kati yetu gari ya mutu ilikaa siku mbili. Kode ilikuwa P0171. Mwalimu akavaa miwani, akasoma pole pole: "Maman, mashine inasema gari imekonda sana. Benki ya kwanza."

"Imekonda wapi?"

"Haiseme."

"Na benki ni gani?"

"Ya kwanza."

Nikazunguka ile gari nikitafuta pahali ilipokonda. Sikuona. Jioni nikaacha mashine na mwalimu wake, nikachukua turnavisi ya Muzee, nikasikia mulio kama wa nyoka karibu na mupira wa hewa. Mupira ulikuwa umepasuka chini, fasi ambayo jicho halifiki, na motere ilikuwa inavuta hewa nyingi kuliko mafuta. Ndiyo kukonda kwake. Mashine haikusema uongo. Ilisema kweli namna ambayo mutu hawezi kuitumia.

Toka siku ile nikanunua kaye, daftari la shule, nikachora mustari katikati. Kushoto niliandika mashine imesema nini. Kuume niliandika nimekuta nini. Musishangae kuona pande mbili hazifanani. Mashine inakuonyesha nyumba yenye kilio, haikuambie nani amekufa. Ukiingia na kumulilia mutu wa kwanza utakayemukuta amelala, unaweza kumulilia mutu aliyechoka tu.

Sasa nieleze habari ya kibao cha mulangoni, juu hapo ndipo shida yangu kubwa ilipotoka.

Nilipoanza kujitegemea, watu walikuwa wananikumbuka kwenye beseni la mazutu. Waliniletea gari imejaa unga wa mihogo, mavi ya kuku, matope mpaka kwenye vioo. Mutu moja mwenye tai alisimama mbele yangu na kusema, "Maman, uioshe kwanza, kisha umwite mekanisie, fundi mwenyewe." Nikamwambia mekanisie ameisha kufika. Akaangalia nyuma yangu, anamutafuta. Wiki ile nikaagiza kibao, herufi nyekundu, nikakitundika mulangoni: GARI CHAFU ISIINGIE. Sikutaka tena kuosha kitu cha mutu.

Watu walikubali bila maneno. Hapa kwetu hata mugonjwa anaogeshwa na kuvishwa nguo nzuri mbele ya kupelekwa hospitali. Hakuna anayemwonyesha docteur matope ya jana. Washofere waliteremuka kule chini kwenye mafasi ya kuoshea, penye pampu ya maji yenye nguvu, wakapiga sabuni ya unga nje na ndani, wakafungua mpaka kapo, kifuniko cha mbele, na kuosha motere. Gari zilifika kwangu zinang'aa, zinadondosha maji. Wateja wa garaji zingine wakaanza kusema kwangu, kwa Maman Nsimire, kuna heshima. Nilipenda kusikia vile. Nilipenda sana.

Papa Byamungu alikuwa shofere wa kituo kimoja cha afya, mbele ya Nyangezi. Kazi yake ilikuwa kuleta mujini wamama ambao uzazi umewashinda kule. Mutu murefu, mupole, anayeongea na gari yake Mashi kama mutu anayebembeleza ng'ombe. Mimi aliniita Docteur, kwa utani, lakini alipokuwa mbele ya watu wengine aliacha utani na kuliita jina lile lile. Siku moja alikuja kwa breki. Nikatengeneza breki, akaenda. Siku ya tatu gari ikafa kwenye mupando, motere moto, taa ya chungwa imewaka. Alingoja karibu saa nzima, akapiga funguo, ikakubali kama hakuna kilichotokea. Akaniletea, imeoshwa vizuri.

Mashine ilisema P0335. Kode hiyo muijue kama sala: inahusu kaptere, kale kajicho kanakokaa chini kwenye motere na kuhesabu namna inavyozunguka. Kajicho kakifumba, motere haijui tena iko wapi, inazimika. Nikachomoa prizi, yaani kichwa cha nyaya kinachoingia kwenye kaptere. Ilikuwa na maji. Sikushangaa, gari nzima ilikuwa na maji, ilitoka kuoshwa. Nikapangusa na kitambaa, nikaweka kaptere mupya. Nilikuwa na desturi ya kuandika herufi N kwa kalamu ya fetre nyeusi juu ya kila kipande ninachoweka, kusudi kesho mutu asiniletee cha zamani na kusema ni changu.

Wiki mbili hazikuisha. Gari ikafa tena, mupando ule ule, na safari hii kulikuwa na mama ndani, uchungu umekwisha kumukamata. Watu wa kijiji walimubeba kwa kipoyi, machela ya miti, mpaka walipokuta lori. Mama na mutoto walipona, lakini habari ilitangulia gari kufika. Papa Byamungu alipoingia kwangu hakuwa peke yake. Alikuja na Jestionere, yule mutu anayeshika vitu vyote vya kituo, shati imepigwa pasi sana, ungesema hata mikunjo ya vidole vyake imepigwa pasi.

Kode: P0335. Nikachomoa kaptere mbele yao, maji yakadondoka, nikaigeuza mukononi. Meno yake ya shaba yalikuwa ya kijani, kama kitu kilichokaa miaka. Na herufi N haikuwako.

"Maman Nsimire," Jestionere akasema, "hiki njo kipande uliweka?"

"Si hiki. Changu kilikuwa kipya, na kilikuwa na alama."

"Basi kile kipya kiko wapi? Nani alikiuza?"

Akamugeukia Papa Byamungu. Papa Byamungu akasema, "Mimi sijui hata kinakaa fasi gani. Muniambie nikitoe sasa, mutaona nitaanza kutafuta ku magurudumu."

"Sijaona mwizi moja aliyekubali kwamba anajua kitu kinakaa wapi," Jestionere akasema.

Papa Byamungu akaniangalia. "Docteur, unanijua. Sema kitu."

"Nimesema ninachokiona," nikamwambia.

Jestionere akaomba niandike. Nikapasua karatasi kwenye kaye, nikaandika mistari ine: kwamba niliweka kipande kipya, kwamba nilikiwekea alama, kwamba nilichotoa si kile, kwamba kipande cha gari hakitembei chenyewe. Ule mustari wa ine hakuna aliyeniomba. Niliuongeza mimi juu niliona unapendeza. Nikasaini na jina langu lote. Papa Byamungu alipewa barua ya kuachishwa kazi wiki ile. Nilisikia karatasi yangu ilisomwa mbele ya wafanyakazi wote.

Nitasema ukweli, sikulala vibaya. Nilikuwa na kasirani. Niliweka kaptere nyingine mupya, nikaandika N, na juu ya ile kasirani nikachukua lame ya scie, musumeno wa kukatia chuma, nikakata kamustari kadogo kwenye ubavu wake, chini, pasipoonekana. Nikajisemea, shofere mupya naye akijaribu, nitamukamata.

Shofere mupya alirudi baada ya siku kumi. Gari imekufa, mupando ule ule. Tena alifika na gari yenye mavumbi mpaka juu, maana aliiosha siku za kwanza tu, kisha maji ya robine yakakatika mujini na pampu kule chini ikakauka. Nilisimama mulangoni nikamwonyesha kibao. Akasema, "Maman, hata mimi mwenyewe sijaoga." Nikamufungulia, nikinung'unika.

Nikafungua kapo. Kila kitu kilikuwa kikavu, vumbi jekundu juu ya motere kama unga juu ya meza. Nikachomoa kaptere. Meno ya kijani. Hakuna N. Nikaanza kusema moyoni, huyu pia. Kisha nikapitisha kucha ubavuni, chini, na kucha ikaingia kwenye kamustari ka scie.

Nilikaa chini. Shofere mupya aliniuliza kama ninaumwa. Nilikuwa nimeshika kipande changu, kipya, cha siku kumi, na kilikuwa na sura ya kipande cha zamani. Hakuna mutu aliyekibadilisha. Basi nani alikula N? Na hii kijani ilitoka wapi? Nikarudia kuangalia prizi. Nje yake vumbi kavu. Ndani, kwenye vitundu vya nyaya, kulikuwa na kitu cheupe kimeganda. Nikakigusa kwa ulimi. Ninyi mumezoea kunicheka kwa kuonja vitu. Kilikuwa sabuni.

Barabara ya Nyangezi inarusha mawe, matope, vumbi na mavi ya ng'ombe. Sijapata kuona inarusha sabuni. Kale kampira kadogo kanakoziba mudomo wa prizi kalikuwa kamepasuka kwa uzee. Kila mara gari ilipooshwa ili ije kwangu, pampu ilisukuma maji na sabuni mpaka ndani. Sabuni ilitoa fetre yangu na ilikula shaba yangu. Nami kila mara nilifungua nikakuta maji, nikasema moyoni, ni ya kawaida, imetoka kuoshwa. Kile ninachotafuta kilikuwa kinanidondokea mukononi, nikakipangusa na kitambaa.

Nikaenda kwenye kaye. Nilisoma kurasa nyuma, siku nzima, kidole juu ya mustari. Gari iliyokuja kwa breki, wiki iliyofuata imerudi na kode ya umeme. Gari iliyokuja kwa mafuta, imerudi na kode ya umeme. Nyingine, nyingine. Kuume nilikuwa nimeandika majina ya vipande vingi nilivyotupa. Sikujua ni vingapi kati yao vilikuwa vizima. Mpaka leo sijui. Nilikuwa ninaogopa gari chafu, kumbe uchafu wenyewe ndio ungeniambia mafuta yanavuja wapi, maji yameingilia wapi. Niliwatuma watu kufuta alama zote, kisha nikakaa na mashine kuuliza alama ziko wapi.

Nilipanda mpaka kituoni na kaptere ndani ya kitambaa. Jestionere alinisikiliza amesimama.

"Mashine ilisema," akanijibu, "na wewe uliandika."

"Mashine ilisema kaptere. Mwizi nilimusema mimi."

"Sabuni inaua gari? Basi muke wangu ameisha kuua mashati yangu yote."

"Shati haina nyaya. Twende tuioshe pamoja, utaona."

Alikubali, nafikiri ili anichekee karibu. Maji yalikuwa yamerudi. Nilirudisha kaptere ile ile, na prizi yenye kampira kabovu, tukaosha motere kwa pampu na sabuni mbele ya macho yake, tukapanda. Shofere mupya anaendesha, Jestionere mbele, mimi nyuma. Gari ilipanda ule mupando kama mbuzi. Taa haikuwaka. Tukafika juu, Jestionere akageuza shingo na kuniangalia.

Sijui kwa nini siku ile ilikubali. Nimeuliza watu wenye masomo, kila moja ana jibu lake, na majibu hayapatani. Niliomba siku moja zaidi. Kesho yake jua lilikuwa kali, tukapanda tena bila kuosha tena, na katikati ya mupando taa ya chungwa ikawaka, motere ikakata kama mutu aliyekatwa neno. Shofere akapiga funguo. Hakuna. Nikateremuka, nikachomoa prizi, nikaita Jestionere aweke kidole chake ndani. Kilitoka na maji na utelezi. Nikamupa kaptere, nikamwonyesha kamustari ka scie, nikamweleza ni nani alikakata, na lini, na juu ya kasirani gani.

Alikaa juu ya jiwe, kando ya barabara. Shati yake ilikuwa imeisha pasi. "Kwa hiyo nilimufukuza mutu juu ya sabuni," akasema.

"Juu ya karatasi yangu. Sabuni haikuandika."

Papa Byamungu nilimukuta Nyantende, kwenye shamba la muke wake, anapalilia maharagi. Muke wake aliniona wa kwanza. "Umekuja na kaye?" akaniuliza. "Hesabu na haya maharagi, pengine tumeyabadilisha." Alikuwa na haki.

Nikamweleza Papa Byamungu yote, nimesimama, yeye akiendelea na jembe mpaka mwisho wa mustari. Kisha akasema, "Kwa hiyo ilikuwa sabuni."

"Sabuni na maji. Na mimi."

"Unajua, Docteur, kule chini washofere wengine walikuwa wanaosha nje tu. Mimi nilikuwa ninafungua kapo, ninarudia mara mbili. Juu nilijua haupendi uchafu."

"Ninajua."

"Kama ningekuwa mutu muchafu, leo ningekuwa ku kazi."

"Ndiyo."

Hakunipa kiti, na hakunifukuza. Akasema, "Ile karatasi waliisoma mbele ya watu wote. Hata wamama wenye kungojea kuzaa walikuwa pale, wananiangalia. Utaandika ingine. Kwa mukono wako, si kwa kompyuta ya mutu. Na utaisoma wewe mwenyewe."

Ninyi munajua mimi na kusoma mbele za watu. Kode ninasoma, mistari ni kitu kingine. Niliandika siku mbili, tena juu ya karatasi ya kaye. Mara hii sikuongeza kitu cha kupendeza. Jumatatu asubuhi nikasimama kwenye baraza la kituo, wafanyakazi upande huu, wamama wenye matumbo upande ule, Jestionere karibu na mulango, Papa Byamungu katikati na koti yake ya Dominika. Nikasoma kwamba kipande nilichokisema kimeibwa hakikuibwa. Kwamba kilikuwa kile kile, kimekuliwa na maji na sabuni. Kwamba gari ilioshwa juu mimi niliagiza ioshwe. Kwamba mutu aliyeitwa mwizi hakuwa mwizi, na mimi Nsimire niliyeandika vile nilikuwa sijaelewa nilichokuwa ninaona. Kwenye neno "nilichokuwa" nilikwama. Nikarudia, nikakwama tena. Mama moja mwenye tumbo kubwa akacheka, mwingine akamupiga kiwiko. Papa Byamungu alingoja. Hakunisaidia neno lile, na hakuangalia chini. Nilipomaliza, Jestionere akakohoa, akatoa funguo ya gari mufukoni na kumupa mukononi. Papa Byamungu akanyoosha mukono mwingine kwangu, akachukua karatasi, akaikunja mara ine.

Kibao nilikishusha siku ile. Muliofika baadaye hamukukiona, ndiyo maana nilikuwa ninawakataza kupangusa kitu mbele ya kuangalia, na hamukujua kwa nini ninakuwa mukali vile. Gari ije na matope yake. Prizi ikiwa na maji, uliza yametoka wapi mbele ya kuyakausha. Angalia kampira. Alama yako iandike kwa scie. Na ukiulizwa ni nani, sema unachokijua ni nini, unyamaze.

Mwaka huu, nimeisha kuacha kazi, nilikuwa ninaenda kwenye kilio upande wa Nyangezi, Papa Byamungu akanipakia. Wakati wa kutoka mujini polisi wa barabara akatusimamisha, akaomba dokima. Papa Byamungu akafungua kasanduku ka mbele, akamupa karatasi zote zimefungwa pamoja ndani ya plastiki: ya gari, ya asiransi, yaani bima, na moja ya kaye, imekunjwa mara ine. Polisi akazipitia. Alipofika kwenye ile ya kaye akasimama, akaisoma yote, midomo inatembea. Mimi nilikuwa ninaangalia mbele. Sijapata kumuuliza Papa Byamungu kwa nini anaitembeza, kama ni ya kunikumbusha mimi au ni ya kumukinga yeye, na naona sitamuuliza.

"Huyu Nsimire njo nani?" polisi akauliza.

"Mekanisie wangu," Papa Byamungu akasema, akanyoosha mukono arudishiwe karatasi.